Fundi Gesi na Jiko Lake la Mkaa

"Mjomba, mbona wewe ni fundi gesi halafu unachoma samaki kwa mkaa?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa na miaka minane. Alikuwa amechuchumaa uani, akilipitisha jani la mgomba juu ya moto ili lilainike, lisije likapasuka wakati wa kufunga.

"Una maswali kuliko polisi," akasema. "Lete chumvi."

Mjomba ni kaka mkubwa wa mama yangu. Alikuwa na chumba uani kwetu, na kibanda kando ya barabara alikouzia mitungi ya gesi, kisha akaenda kuifunga majumbani mwa watu. Jioni alirudi amechoka, ameshika mfuko wa samaki. Hakutaka mapishi ya kusumbua. Aliwapara, akawachanja mbavuni, akawapaka chumvi, ndimu na kitunguu saumu, akamfunga kila mmoja kwenye jani lake na kumweka juu ya wavu. Hakufungua kuchungulia. Alikaa kwenye kigoda akilitazama jani tu. Kijani kikififia, anageuza. Kingo zikianza kuungua, anaepua. Nusu saa, tunakula.

Majirani walimcheka. Aliyewazidi wote kwa mdomo ni Mama Pacha wa nyumba ya pili.

"Jirani, hiyo gesi yako inauma? Sisi unatuuzia, mwenyewe unaikimbia."

"Samaki anataka moshi, mama."

"Na chai ya asubuhi nayo inataka moshi?"

Mjomba alicheka naye. Lakini Mama Pacha hakuwa akitania tu. Mwezi huohuo alimwita fundi mwingine, na nyumba mbili zikamfuata.

"Kaka, weka hata mtungi mmoja hapo mlangoni watu wauone," mama alimwambia. "Kazi itakuponyoka hivi hivi."

Alisema atafikiria. Hakuweka.

Fundi yule mwingine akishafunga mtungi alikuwa ananusa, anasema tayari, anaondoka. Mjomba alitembea na kopo la maji ya sabuni na brashi ya kunyolea ndevu. Alipaka povu kila kiungo, kisha akainama kutazama kama kuna kiputo kinachovimba. Mama Pacha alikuwa akilalamika kwamba anamchafulia jiko. Wiki tatu baada ya kumwita huyo mwingine, alikuja kwetu mbio, amevaa kandambili zisizofanana, akasema jikoni kwake kunanuka gesi, inakuja na kupotea, na fundi wake kanusa mara mbili haoni kitu. Mjomba akachukua kopo lake. Kiputo kilivimba kwenye mpira wa gesi, karibu kabisa na mtungi.

Zile nyumba tatu zikarudi kwake. Kucheka hawakuacha.

Kuna jioni nyingine naikumbuka. Mjomba alikuwa ameshamfunga samaki, mama akapita karibu na jiko, akasimama.

"Kaka, huyu ameoza. Husikii?"

Mjomba akalifungua jani, akamtazama samaki machoni muda mrefu. "Kweli," akasema. Tangu siku hiyo akifika tu alinikabidhi mfuko. "Nusa, mpwa wangu. Una pua ya paka wewe." Nikajiona mtu muhimu hapo nyumbani.

Mwaka huu nimetimiza kumi na sita. Mgongo wa mjomba umechoka na mitungi, kibanda amemwachia binti yake. Juzi alikuwa kwenye kigoda chake, jani ndiyo kwanza linaanza kufifia. Nikamuuliza tena swali lilelile.

Aligeuza samaki kwanza.

"Kabla hujazaliwa nilifanya kazi kiwanda cha rangi," akasema. "Pua ilibaki huko. Hii unayoiona ni ya kushikilia miwani. Wangejua, nani angeniita nimfungie gesi? Basi nikawaacha wacheke. Kwa watu nilikuwa na sabuni yangu na macho makali. Lakini hapa nafika nimechoka, nasinzia. Mkaa nauona, jani naliona. Gesi ikivuja ningeijulia wapi?"