Mikono Ukutani kwa Shangazi

Juzi, pale Mazwi, nilimwona kijana kiziwi akichora mikono kwenye ukuta wa shule. Mwalimu wake akanieleza kwamba kila mkono ni jina la mtu kwa lugha ya alama. Nikamkumbuka shangazi, ambaye hakusikia tangu kuzaliwa.

Alasiri moja ya utoto wangu, Krismasi ikikaribia, alikuwa amesiliba nyumba kwa udongo mweupe ulionukia mvua. Kwa udongo mwekundu akachora mikono: mmoja ukifunga kilemba, mwingine ukisokota masharubu, na mdogo ukifuta jicho.

“Mama, mbona hachori watu?”

“Mwache shangazi yako ajifurahishe.”

Bibi hakuwahi kuvua kilemba. Baba hakuchoka kusokota masharubu. Mimi nilikuwa mtoto wa kulialia.

Shangazi alinigeukia, akacheka, akafuta jicho lake. Nikadhani udongo umemwingia.