Shangazi Kona na Kigari cha Umeme

Shangazi yangu walimwita Kona tangu enzi zake za mashindano ya magari, kwa sababu kwenye kona, wenzake walipokanyaga breki, yeye ndiyo kwanza aliongeza mafuta. Gari lake la mbio bado lipo kwenye gereji yake, anakotengeneza magari ya watu: jekundu, boneti ndefu, paa hakuna. Likiwaka, mtaa mzima unajua. Usukani wake ni mzito, na klachi yake inataka mguu wa mtu aliyekula akashiba.

Mwaka huu alipasuliwa goti la kushoto, klachi ikamshinda. Binti yake akamnunulia kigari cha umeme cha viti viwili, kifupi mno. Ukikitazama unauliza nusu yake imebaki wapi. Klachi hakina, na kunguruma hakijui.

Baba yangu, mdogo wake, hakutaka hata kusikia. "Dada, umri umekwenda. Nitakupeleka gereji na kukurudisha."

Mtu aliyekwenda mwenyewe kufungua gereji yake miaka yote, leo asubiri kupelekwa? Shangazi alikuja juu. Mwisho wakaafikiana: ataendesha mpaka gereji, baba kando yake. Akishindwa, anakabidhi funguo na maneno yanaisha.

Mimi niliwafuata kwa pikipiki. Hata geti hatujalipita vizuri, mguu wake wa kushoto ukatafuta klachi kwa mazoea, ukakuta breki, ukaikandamiza. Kigari kikagoma pale pale. Mkanda ukamkaba baba.

"Si nilisema?"

Shangazi alivua kiatu cha kushoto, akamwekea mapajani. "Nishikie. Mguu ukiwa peku unajua hauna kazi." Akaurudisha nyuma, chini ya kiti, akaondoka.

Mtaa wa maduka tukaukuta umezibwa na lori lililokuwa likishusha saruji. Honi zilipigwa, wengine wakageuza.

"Turudi, dada," baba akasema.

Gari la mbio lisingepita pale. Lilizoea barabara tupu. Shangazi alikunja vioo vya pembeni, akapima mwanya kati ya lori na ukuta kwa jicho lile lile la mashindano, akaingia. Taratibu, bila kusita. Baba alikumbatia kiatu, roho mkononi. Wapakuzi walisimama na mifuko mabegani. Kigari kikatokea upande wa pili bila mkwaruzo, wapakuzi wakashangilia, na mimi, sioni haya kusema, nililia ndani ya kofia ya pikipiki.

Tulipofika gereji, baba alikitazama kigari, kisha lile jekundu. "Haya, lipi bora zaidi?"

"Lile lilinizungusha mbio mpaka nilipoanzia," shangazi alisema. "Hiki kimenileta kazini."

Akafungua milango ya gereji, akavaa ovaroli.

"Sasa mimi narudi vipi?" baba akauliza.

"Nikimaliza kazi nitakurudisha. Keti hapo."

Baba akavuta tairi kuukuu, akaketi, akasubiri.