Pembe ya Ng'ombe wa Mama

Kila siku baada ya chakula cha mchana, vyombo vikishaanikwa kichanjani, mimi hufinyanga ng'ombe. Nalisema wazi kwa sababu hapa Kisaka wengi wanajua, na wasiojua wameshatunga ya kwao. Jirani yangu wa upande wa barabarani zamani alikuwa akituma watoto wake kuja kuazima chumvi. Siku hizi anakuja mwenyewe, anasimama nje ya uzio, na anaongea nami huku akitupia jicho dirishani, pale ng'ombe wangu wanapokaukia. Siku moja aliniuliza, "Mama, hivyo vinyago ni vya nini?" Nikamjibu ni vya kuchezea. Akacheka kwa adabu, akaenda zake na chumvi. Mjane wa umri wangu, anayeishi peke yake, anashinda akicheza na udongo: ningekuwa yeye hata mimi ningewakataza watoto wangu kuja.

Lakini sikumdanganya. Redio naisikiliza, kanisani naimba sauti ya pili, mchicha ninao nyuma ya nyumba. Hayo yote ni ya kusogeza siku. Ng'ombe ndio ninaowapenda.

Nilijifunzia Matongo, kwa kaka yangu. Alinizidi miaka miwili, na tulikuwa watoto wawili tu nyumbani. Wasichana wenzangu walifinyanga vyungu vidogo, wavulana wakafinyanga ng'ombe. Vyungu vyangu vilivuja vyote. Kaka hakuwa na mvulana wa kucheza naye karibu, basi akanikubali mimi shingo upande. Tulichimba udongo kijitoni, chini ya shamba la muhogo, udongo mwekundu usio na changarawe. Sasa pale pana uzio, na ndani ya uzio kuna mlima wa mawe yaliyotolewa mgodini. Mara ya mwisho nilipopita na bodaboda nilimwomba dereva apunguze mwendo, na bado sikuweza kupatambua.

Kaka alikuwa mkali kwenye kazi. Wavulana wengine walichomeka miiba ya mgunga, wakasema hizo ni pembe. Yeye alikataa. Kila ng'ombe tuliyemfinyanga alikuwa ni ng'ombe fulani wa zizi la baba, na pembe zake zilipaswa kuwa zake kweli. Kulikuwa na dume jeusi ambalo nundu yake ililalia upande. Kulikuwa na mtamba wa madoa aliyenyoosha shingo kila mara kama anayesikiliza maneno ya watu. Na kulikuwa na ng'ombe mwekundu wa mama, ambaye pembe yake moja ilitazama juu na nyingine ikatazama chini. Nikikosea kaka hakunigombeza. Alimbonyeza yule ng'ombe akawa bonge la udongo tena, akanirudishia.

Siku moja, nikitaka wadumu, niliwatia wote kwenye moto wa mama. Niliona vyungu vikichomwa, nikadhani na ng'ombe huchomwa, tena wakiwa bado wabichi. Walilipuka mmoja mmoja. Kipande cha dume kiliruka kikaingia kwenye ugali. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Kaka alilia, na ndiyo mara pekee niliyomwona akilia, na jioni ile ile akanichukua kijitoni tukaanza upya.

Mchezo wetu mkubwa ulikuwa ni kuozeshana. Kwetu jambo hili halikufichwa: dada akiolewa, ng'ombe wa mahari yake ndio anaoolea kaka yake. Kila mtu alijua ni ng'ombe wa dada yupi walioleta mke wa nani. Basi mimi niliolewa kila siku. Ng'ombe walitoka upande wa kichaka, nikawasukuma kwa vidole viwili mpaka kwa kaka, naye akawasukuma mpaka kwenye jiwe jeupe. Jiwe ndilo lilikuwa wakwe zake. Nilijiona mtu mkubwa sana. Hatukuwahi kucheza sehemu ambayo bibi harusi anataka kurudi nyumbani. Sijui kama kuna watoto waliowahi kuicheza.

Niliolewa kweli, huku Kisaka. Ng'ombe walifika Matongo, hawakumaliza hata mwezi zizini kwa baba, wakaenda kwa wakwe wa kaka. Wakwe hao walisema bado kuna upungufu, mama akamtoa ng'ombe wake mwekundu akawafuata wenzake.

Mume wangu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mke mkubwa, alikuwa na mashamba, na hakuwa na maneno. Angeweza kukaa siku tatu bila kuniambia lolote, wala hakuwa amekasirika. Mke mkubwa alikuwa na watu wake wa kuongea nao. Katika boma lile hapakuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kuona kitu chochote nilichokiona mimi utotoni. Nilikuwa nikisonga ugali nikakumbuka lile dume na ule ugali wa siku ile, nikacheka, halafu nikatazama kushoto na kulia nikamkosa wa kumwambia. Hali hiyo ilinichosha kuliko jembe.

Baada ya kupata mtoto wa kwanza nilimbeba mgongoni nikarudi kwetu. Baba alinikalisha nje ya nyumba ya mama.

"Anakupiga?" akauliza.

"Hapana, Tata."

"Anakunyima chakula?"

"Hapana."

"Sasa?"

Upweke hauna kovu la kumwonyesha mzee. Baba alisubiri, kisha akasema kwa upole, na ule upole ndio ulionimaliza, "Ukibaki hapa watakuja kudai ng'ombe zao. Na ng'ombe zenyewe ziko kwa baba wa mke wa kaka yako. Unataka tumrudishe yule binti kwao na mimba yake?"

Wifi yangu alikuwa hatua chache kutoka pale, akimenya muhogo. Alikuwa amenisalimia vizuri na kunipa maji. Nilimtazama tumbo lake, nikasema hapana, sitaki. Kaka hakuwepo. Mama alisema amepeleka ng'ombe joshoni. Mchana huo huo baba alinisindikiza barabarani nikapanda lori la mnadani.

Kwa karibu miaka arobaini nimejisemea kwamba kaka hakujua. Angejua, nilijisemea, basi. Sentensi hiyo sikuwahi kuimalizia.

Mume wangu akafariki, mke mkubwa naye akafuata, watoto wakatawanyika Mwanza na kwingineko na maisha yao. Wananipigia simu, wananiuliza kama nimekula. Siku moja mvua ilibomoa kichuguu nyuma ya nyumba, nikaushika ule udongo, na mkono wangu ukajua kazi yake kabla sijaamua. Udongo mweusi wa mbugani huku hupasuka ukikauka, lakini wa kichuguu unashika. Nilianza na dume jeusi. Kisha mtamba wa madoa. Mwaka mzima nimekuwa nikilirudisha zizi la baba, ng'ombe kwa ng'ombe, mpaka akabaki mmoja tu, yule mwekundu wa mama.

Nikakwama kwenye pembe. Iliyotazama chini ilikuwa ya kulia au ya kushoto? Nilifumba macho nikajiona nimechuchumaa nikimkamua, na kila nilipogeuka kutazama kichwa, pembe ilikuwa imehama. Nilijikasirikia. Ng'ombe yule ndiye aliyeninywesha maziwa tangu naota meno. Baba na mama wamekwenda. Duniani amebaki mtu mmoja wa kumwuliza.

Kaka alihama Matongo shamba lilipochukuliwa na mgodi, akavuka mpaka pale Sirari, anaishi upande wa pili karibu na ukoo wa mkewe. Tunaongea Krismasi, na kukiwa na msiba. Nilimpigia siku ya kawaida kabisa.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Sasa?"

Ni sauti ya baba tupu. Nikaharakisha. "Yule ng'ombe mwekundu wa mama. Pembe iliyotazama chini ilikuwa ya mkono gani?"

Nilisikia kelele za soko, mtu akinadi nyanya. "Wewe mama mzima unanipigia juu ya pembe?" akasema. "Niko soko. Nitakupigia."

Pembe haishiki kwenye udongo uliokauka. Kila mfinyanzi anajua hilo. Basi nikamfunika yule ng'ombe kwa kitambaa kibichi ili angoje, na kila mchana nikakilowesha upya. Wiki ikapita, ikaja nyingine. Nilikasirika, nikasema nitaweka pembe yoyote, nani atajua? Hapo ndipo nilipoona jambo lilivyo. Nikiweka yoyote, hakuna atakayejua. Zizi zima lililopangwa dirishani halina mtu wa kuliangalia na kusema, huyu umemkosea. Nililia kidogo, nikanawa, nikalowesha kitambaa.

Alipiga Jumapili, nimetoka kanisani. Hakusalimu.

"Ya kushoto," alisema.

"Una uhakika?"

"Si ni mimi nilizipeleka? Zako zilienda vizuri. Hiyo ya mama ikagoma kwa mlango wa boma la wakwe, haitaki kuingia. Nikaishika na hiyo pembe ya chini nikaivuta. Mkono wangu haujasahau."

Nikamshukuru. Nikaanza kuishusha simu sikioni. Kisha akasema, "Na ile siku ulikuja."

"Siku gani?"

"Na mtoto mgongoni. Sikuwa josho. Nilikuwa nyuma ya ghala. Nilisikia Tata akikuuliza, nikasikia ukinyamaza. Nilikaa hapo mpaka lori ikaondoka."

Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikakaa kwenye kizingiti. Nilidhani nina maneno mengi ya siku kama hiyo, yamekaa miaka yote yakingoja. Nilipoyatafuta nikapata moja tu.

"Ungetoka," nikasema.

"Ningetoka niseme nini? Mke wangu alikuwa hapo na mimba. Ningesema zirudishwe?"

"Sikukwambia useme zirudishwe. Ungetoka tu, unisalimie."

Kaka alikohoa. Amezeeka bila mimi kumwona. Mahali fulani nyuma yake nilimsikia mkewe akimwita aje kula.

"Ni kweli," akasema. "Ningekusalimia."

Hakuahidi kuja, wala mimi sikumwalika, ingawa nilitaka. Aliniuliza tu udongo nautoa wapi, nikamwambia kichuguuni, akasema vizuri, huo unashika.

Nilikwenda nikafunua kitambaa. Maji yalikuwa yamezidi. Miguu ya yule ng'ombe ilikuwa imelegea na kupinda, hawezi tena kusimama. Kaka wa zamani angembonyeza akawa bonge tukaanza upya. Mimi nilimkunjia miguu chini ya tumbo, nikamlaza kama ng'ombe aliyeshiba, nikaviringisha pembe mbili. Ya kulia nikaitazamisha juu. Ya kushoto nikaipinda chini, nikaishikilia pale kwa vidole viwili kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika, mpaka nikahakikisha imeshika.

Kisha nikamweka dirishani pamoja na wenzake. Sikumfunika.