Msimamizi na Mtahiniwa Wake Mmoja

Mwalimu Sekunde hakuzaliwa na jina hilo. Alibandikwa na wanafunzi wake wa hesabu, kwa sababu kengele ikishalia, aliyekuwa nusu ndani nusu nje ya mlango alibaki nje na nusu zake zote mbili. Watu walinung'unika, kisha wakamzoea. Alipostaafu, chuo cha ufundi kilimwita asimamie mitihani inayotoka ng'ambo, maana huko walitaka mtu asiyeonea mtu huruma kwenye saa. Wakampata.

Mitihani yenyewe ilikuwa ya watakwimu bima, wale watu wanaokaa leo wakakokotoa pensheni ya kijana atakayestaafu miaka arobaini ijayo. Bahasha zilikuja kwa ndege, zimepigwa lakiri, zikafungiwa kwenye kabati lenye kufuli mbili. Mwaka wa kwanza walikuja watahiniwa kumi na wanne. Mwaka wa pili, watano. Somo hilo si lelemama, jamani. Mwaka wa tatu akabaki mmoja, mwanamke mfanyakazi wa kampuni ya bima, na huyo mmoja akawa anakuja Aprili na Septemba, Aprili na Septemba, kwa miaka tisa.

Hebu kione hicho chumba juu ya maktaba. Meza thelathini, mtu mmoja. Na kanuni ni kanuni: Mwalimu alisimama mbele, akasafisha koo, akasoma kurasa mbili za maelekezo kwa sauti ya mkutano wa hadhara. "Watahiniwa wote mnaombwa kuzima simu zenu. Ni marufuku mtahiniwa kuzungumza na mwenzake." Mwenzake nani, feni? Lakini yule mwanamke alimtazama kwa heshima zote, bila hata kutabasamu. Akaonyeshwa lakiri, akahakikisha haijaguswa, akatia sahihi. Baada ya hapo, kwa muda wa saa tatu na robo, husikii kitu ila kalamu.

Kuongea naye hakuruhusiwa. Kwa hiyo Mwalimu alimjua kwa macho tu. Alimwona akija na ndala, miaka ikapita, akaja na viatu vya ofisini. Aliiona pete. Aliliona tumbo, likamlazimu akae upande upande ili mkono uifikie meza. Aprili iliyofuata, saa ya pili ya mtihani, maziwa yalimlowesha blauzi. Akavuta sweta lake, akafunga vifungo, akaendelea na hesabu. Septemba moja alikuja na nguo nyeusi, macho yamevimba. Mwalimu alidhani ataandika jina lake tu aondoke. Wapi! Aliandika mpaka mwisho, machozi anayafuta kwa mkono wa kushoto huku wa kulia haujasimama hata mara moja.

Siku hiyo Mwalimu alirudi nyumbani akitikisa kichwa. Miaka thelathini na mmoja amefundisha, kichwa cha namna hiyo hajapata kukiona.

"Hivi yule ni mtu wa kawaida kweli?" alimwuliza mkewe.

"Ni mtu. Kula, chakula kinapoa."

Wakati mmoja, akikusanya vifaa, alikifungua kile kijitabu cha majedwali wanachopewa watahiniwa. Ukurasa mmoja ulianza na watu laki moja, ukawa unawapunguza mwaka hadi mwaka, taratibu, bila kelele, mpaka chini kabisa wakabaki wachache wa kuhesabika kwa vidole. Akautafuta mstari wake, wa miaka sitini na sita. Pale pembeni palikuwa na idadi ya wale ambao sitini na saba hawataiona. Kitabu kilijua ni wangapi. Ni akina nani, hakikujua. Alikifunga polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mgonjwa, na tangu hapo kila alipomwona yule mwanamke ameinamia karatasi, alihisi anapaswa kutembea kwa ncha za vidole.

Basi ikafika Aprili ya mwaka wa tisa. Mwalimu alikuta mwanamke wa makamo kwenye benchi, nje ya mlango, mkoba mapajani.

"Habari za asubuhi, mwalimu. Mimi ndiye mama yake."

"Nzuri, mama. Karibu."

"Nimekaribia. Huu ndio mtihani wa mwisho, mwalimu. Mingine yote ameimaliza, huu umemwangusha mara nne. Na kazini wamemwambia: ukianguka tena, ile nafasi ya mtakwimu mkuu tunamleta mtu kutoka nje. Miaka tisa mwanangu halali vizuri!"

"Mungu atasaidia."

"Atasaidia, na wewe usaidie. Mwongezee dakika tano tu. Mko wawili mle ndani. Nani atasema? Meza?"

Mwalimu alikohoa. "Mama, saa ni saa."

"Na mtoto ni mtoto."

Aliingia ndani na jibu hilo likiwa limemganda kifuani. Alisoma maelekezo, akafungua bahasha, akaketi.

Saa mbili na zaidi za kwanza mambo yalikwenda. Nusu saa ya mwisho, siku ya kufa nyani miti yote huteleza: mwanamke alianza kurudi nyuma, kurasa mbele, kurasa nyuma, anabonyeza kikokotoo, anatikisa kichwa, anabonyeza tena. Jasho lilimtiririka shingoni. Zikabaki dakika kumi. Zikabaki tano. Na Mwalimu Sekunde, yule yule wa nusu ndani nusu nje, akaamua: nitampa. Dakika tatu. Liwalo na liwe. Hata akageuza uso dirishani ili asiione saa ya ukutani.

Na saa ikamvuta. Shingo iligeuka yenyewe, mshale mwembamba ukafika juu, na ule mdomo, jamani, ule mdomo wa miaka nenda rudi ukafunguka bila kumwomba ruhusa.

"Muda umekwisha. Kalamu chini!"

Yeye mwenyewe alishtuka. Mwanamke alikuwa ndiyo kwanza ameigusisha kalamu kwenye kona ya ukurasa. Hakuendelea hata unywele. Aliilaza mezani, akaweka mikono mapajani.

Omba tu, Mwalimu alisema moyoni. Niombe, nitakupa. Hakuomba. Alisema, "Asante, mwalimu," akatoka. Kule nje mama yake alimtazama msimamizi kuanzia kichwani mpaka viatuni.

"Roho ya chuma hiyo," akasema, akamshika mwanawe mkono wakateremka ngazi.

Miezi mitatu Mwalimu hakuwa na raha. Chakula kilikuwa kama majani.

"Unaumwa?" mkewe aliuliza.

"Nimemdhulumu mtu."

"Kwa kufuata kanuni?"

"Ndiyo. Kwa hiyo hiyo."

Jumamosi moja asubuhi alikuwa anapigilia msumari mguu wa kiti uani, akasikia vigelegele. Mama ndiye aliyetangulia, viatu mkononi. "Hayawi hayawi, yamekuwa!" Binti yake alikuja nyuma akicheka.

"Shikamoo, mwalimu. Nimefaulu. Nimemaliza yote."

"Marahaba, hongera, hongera sana," Mwalimu alisema, nyundo imemponyoka. Sauti ya yule mwanamke ilikuwa nzito kuliko alivyodhani. Miaka tisa hakuwahi kuisikia ikisema maneno mengi hivyo. "Mwanangu, unisamehe kwa zile dakika. Ulikuwa unaandika, nikakukatisha."

"Kuandika?" Mwanamke aliacha kucheka. "Mwalimu, sikuwa naandika. Nilikuwa nakata. Nilijiona nimekosea tangu mstari wa kwanza, nikasema nifute ukurasa mzima nianze upya. Kalamu ilishagusa karatasi ndipo ukasema. Juzi wametoa majibu sahihi. Ukurasa ule ulikuwa sawa, wote. Bila alama zake ningeanguka mara ya tano."

Mama alikaa kwenye kile kiti kibovu bila kukiangalia.

"Na mimi nilikuombea dakika tano," alimwambia mwanawe polepole. "Mimi niliyekuzaa."

Hapo Mwalimu angeweza kupokea shukrani zake akanyamaza. Alishindwa.

"Msinishukuru. Mama, nilikuwa nimeshaamua kumpa. Tatu, si tano, lakini nilishaamua, moyo ulikubali kabisa. Mimi sikutaka kusema neno lile."

Mama alimkazia macho, na safari hii hasira haikuwamo.

"Sasa kama si wewe," aliuliza, "nani aliyesema?"