Jumamosi kwa Funda Moja

Truphena hakuwa ameonja wiski maishani mwake. Msabato wa Nyamira, hata kahawa hanywi. Lakini ukiwa mtumishi Mkristo katika nyumba ile ya Al-Murabba, Riyadh, wewe ni mlevi aliye likizoni tu.

Hilo lilimchoma, ila Jumamosi ilimchoma zaidi. Walipokuwa Jeddah, madam, mwenye nyumba, alimwachia siku hiyo, naye akawa anakwenda mtaa wa Bani Malik kwa Serah, Msabato mwenzake, wafunge mlango na kuomba kwa sauti ya chini. Familia ilipohamia Riyadh, Jumamosi ikageuka siku ya wageni. Aliiomba, akajibiwa mafi, hakuna. Akaomba tena, akaambiwa yalla, haya upesi, vyombo.

Ndipo Rakan, kijana mkubwa wa madam, aliporudi kutoka masomoni Kentucky na wazo la biashara: bourbon, ile wiski ya Kimarekani, lakini isiyo na kileo, ya kuuza hotelini. Akachemsha maji ya tufaha na vipande vya mbao zilizochomwa, akatia asali ya tende, na pilipili manga ili ikwaruze koo. Na aliyesugua yale masufuria ni nani?

Jumamosi moja wakaja wageni wawili wenye pesa zao. Rakan akamfuata Truphena jikoni.

"Wewe Mkristo, ile ya kweli unaijua. Njoo uonje, uwaambie zinafanana."

"Siijui, bosi."

"Usinifanye mtoto."

Truphena akapangusa mikono polepole. Mtu akishaamini una mali, usibishane naye, mtajie bei.

"Nitaonja. Lakini Jumamosi zangu zirudi, na umwambie madam mbele ya wageni."

"Halas, basi. Zako."

Mubarak, dereva, Mzanzibari mzaliwa wa Jeddah, alikuwa anakunywa chai mlangoni. "Dada we, leo utaitwa mlevi mchana kweupe! Sema moshi, vanila, mbao. Ndo nyimbo ya Rakan garini kila siku."

Ukumbini Truphena akapiga funda moja. Pilipili ikamkwaruza, utamu ukamganda menoni.

"Moshi," akasema. "Vanila. Halafu mbao. Ni yenyewe."

Wageni wakapiga makofi. Rakan akamgeukia mama yake: Jumamosi ni za Truphena.

Madam akatua kikombe kwa kishindo. "Anayeijua pombe hivi ndiye nimfungulie mlango? Kumbe Jeddah ulikuwa unakwenda kunywa! Utakaa humu humu. Na simu lete."

Rakan akatazama zulia.

Hasira ikampanda Truphena hadi masikioni. Sala zake zote za Bani Malik, leo zimekuwa ulevi!

"Madam," akasema, wala hakuinamisha kichwa, "mimi nimesema zinafanana. Aliyeipika mpaka ikafanana ni nani? Na ile ya kweli aliijulia wapi?"

Mgeni mmoja akakohoa ndani ya ngumi. Madam akageuka, akamtazama mwanawe, na Rakan mwenye maneno mengi akaanza kupangusa glasi iliyokuwa safi. Wageni walikuwa wametega masikio, na madam akaielewa bei ya kumnyamazisha mtumishi.

"Jumamosi nenda! Na simu kaa nayo. Ondoka mbele yangu."

Jikoni Mubarak alimpokea kwa kicheko. "Umeshinda, dada!"

"Nimeshinda nini? Siku yangu mwenyewe?" Akafungua bomba, akasukutua, akatema, akasukutua tena. "Wamenirudishia changu, na bado mlevi ni mimi."