Kiwanja cha Hospitali ya Saratani na Maji Yasiyotoa Povu

Siku ya kwanza kazini, hospitali kule Masasi, Matroni alinikuta mlangoni pa dobi, ndiyo chumba cha kufulia. Mnene huyo, sauti anaipitisha puani. "Weeewe! Umesoma?"

"Shikamoo Matroni. Sijasoma, ila nafua."

"Marahaba. Shuka yenye damu unaifuaje?"

"Kwa maji ya moto."

Alicheka mpaka kofia ikalala upande. "Umeshaipika hiyo! Damu maji baridi kwanza, mwanangu."

Ndiyo shule yangu hiyo. Nikafundishwa kutenga shuka za hatari, zile za damu na usaha, zinalowekwa peke yake kwenye dawa. Nikajifunza na maji. Ninyi mnaona maji ni maji tu. Ya mvua ni mepesi, sabuni ikigusa, povu linakupanda mpaka kiwikoni. Ya visima vya bondeni, kama pale Masasi, ni mazito, sabuni inakatikakatika kama maziwa yaliyochacha, na shuka ikikauka inakwaruza. Mlaze mgonjwa wa kidonda juu yake, uone kama hajakutukana.

Baadaye nikahamishiwa Newala, kwetu. Kule juu mlimani maji ni ya kubembeleza. Mwenye bati ana kisima cha kukingia mvua, tena ana kufuli. Nimefua chini ya Waganga Wakuu watano, na kila mmoja alikuja na sauti nyororo: "Mama Anjela, suala la maji tunalishughulikia." Wote wakahama. Suala likabaki na mimi.

Mwaka wangu wa mwisho tukasikia inatafutwa sehemu ya kujenga hospitali ya saratani, ama Masasi, ama Newala. Mdogo wangu, Mama Beata, ana saratani ya ziwa, na lilikuwa limeshapasuka. Akiitwa kwenye mionzi, ile mashine ya kuchoma uvimbe, ni basi mpaka Dar es Salaam, kakalia ubavu mmoja njia nzima. Nani alitaka hospitali iwe Newala kuliko mimi? Hayupo.

Wageni walipokaribia kuja kukagua kiwanja, Mwenyekiti wa kamati ya mapokezi akanijia nyumbani, tumbo linatangulia. "Shikamoo mama yangu!" Mtu huyu siku zote ananipita kama nguzo ya umeme. Nikakaza kanga.

"Utakaa kiwanjani, pale kisimani, ufue shuka. Wageni waone maji yapo."

"Mwezi wa kumi huu, baba, watu wanaokota korosho, vumbi mpaka kwenye meno. Kisima gani kina maji?"

"Kimejaa! Cha mvua kile, hakikauki."

Nilipofika kiwanjani nikatazama chini kwanza. Udongo umelowa, na magurudumu ya boza, lile gari la maji, yamechora mpaka mdomoni pa kisima. Nikachota.

Wageni wakaja, akina mama wakapiga vigelegele, Mama Beata akiwa kati yao. Mtaalamu, kijana wa miwani, akachuchumaa mbele yangu. "Kimsingi, mama, chanzo hiki ni cha uhakika?"

Nikasugua sabuni. Povu hakuna. Nikasugua tena. Mabonge matupu, yanaelea.

"Sabuni mbovu hiyo!" Mwenyekiti akadakia. "Wafanyabiashara wetu hawa, jamani!"

Mama Beata akaniinamia sikioni. "Dada, nyamaza. Hospitali niione hapa hapa kabla sijafa."

Shuka ilikuwa mkononi mwangu. Mgonjwa mmoja kama yeye, siku mbaya, anamaliza shuka nne. Nikaiwaza wodi nzima yao. Wangesema watavuta bomba, ningefua nikanyamaza. Lakini mtu anayejaza kisima kwa ajili ya wageni, wageni wakiondoka atajaza nini?

"Baba," nikamwambia Mtaalamu, "maji haya yameletwa. Mvua haina maji ya namna hii."

Akayaonja, akatema, akaandika. Mwenyekiti akacheka peke yake: "Mama huyu kazi imemchosha!"

Kiwanja kikaenda Masasi. Newala nikaitwa msaliti mpaka kwenye misiba. Mama Beata hakunisemesha, mpaka siku kidonda kilipomzidi akahitaji mtu wa kumfulia.

Sasa nimestaafu. Kazi imeniachia ugonjwa wa kutoamini, na sitaki unitoke. Mtu akikuonyesha kitu kimejaa, muulize kilijazwa lini. Na hao wa Masasi nao sijawaamini. Nilipanda gari nikaenda kukiona kiwanja chao. Nimekuta vigingi vya saruji, majani, na mbuzi.

Niliporudi, Mama Beata alikuwa kajilaza kitandani, nikawa namtandikia shuka. "Dada, wameanza kujenga?"

Mimi naweza kumwiga Matroni, Mwenyekiti, na yule wa kimsingi. Hili nikalisema kwa sauti yangu mwenyewe.

"Wameanza. Msingi umefika kiunoni."

Akanitazama machoni. Kisha akainua mkono, nimpitishie shuka chini.