Ndevu za Fundi Cherehani wa Kondoa

Mashine yangu ya kukamua alizeti iko Nzuguni, na nyuma yake ni nyumba niliyoijenga mwenyewe. Shule niliishia darasa la tano. Lakini wakulima wa Chemba wakivuna, mtu wa kwanza kupigiwa ni mimi. Tatizo ni kwamba mgeni akinipigia huanza hivi:

"Shikamoo mama. Naomba kuongea na bosi."

"Bosi ndiye mimi."

"Ah, samahani mama, niliambiwa bosi ni mwanaume."

Nilizaliwa nikaitwa msichana. Ujanani niliondoka kwetu nikavaa suruali, na tangu hapo naishi mwanaume. Anayeniona ananiita mzee. Sauti tu ndiyo ilikuwa inanisaliti, na kidevu kilicho laini kama cha mtoto.

Sasa kuna fundi cherehani mmoja wa Kondoa, mwenzetu, amezaliwa kama mimi. Kiumri ni mdogo wangu kabisa. Huja kwangu kuchukua mashudu, yale makapi ya alizeti, ya kulishia kuku wake. Mimi ndiye niliyemfundisha kufunga kifua bila kuumiza mbavu. Mimi ndiye niliyempeleka kwa kinyozi asiye na maswali. Na sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko yangu! Basi msimu mmoja nikasikia mtu anabisha hodi kwa sauti nzito, nikatoka haraka nikijua ni mnunuzi mkubwa. Kumbe ni yeye. Na kidevuni ana ndevu. Chache, zimejikunja, lakini ndevu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekula nini wewe?"

Akacheka. "Nimepata daktari. Nachomwa homoni ya kiume."

Ugali wa mchana ulinishinda. Mimi mwenye mashine, mwenye nyumba, napitwa na mtu wa cherehani ya miguu!

Sikumwuliza daktari ni nani. Nimezoea kuulizwa mimi. Nikaenda zangu zahanati moja, nikajieleza kama wanaume wa rika langu wanavyojieleza: "Daktari, nguvu za kiume zimepungua. Nipe homoni." Nilijiona mjanja sana. Daktari akavaa glavu, akaniambia nivue suruali anipime tezi dume. Nikamwambia nimeliacha gari linanguruma nje. Nilitoka kwa mwendo wa bosi, ila bosi mwenye haraka.

Kijana mmoja wa jimu akanijia na kichupa, anasema ndiyo dawa yenyewe wanayotumia wanyanyua vyuma. Nilikitamani, sisemi uongo. Lakini mafuta yamenifundisha kwamba chupa isiyo na lebo hujui ndani kuna nini. Nikamrudishia.

Ikabidi nimngoje fundi aje kuchukua mashudu. Nikamsimulia mambo ya zahanati.

"Mzee! Ulimwambia nguvu zimepungua? Zimepungua kutoka wapi?" Akacheka mpaka akakaa juu ya gunia.

"Ukimaliza kucheka sema daktari ni nani."

Akajifuta machozi. "Tafuta daktari wa homoni, hawa wanaotibu sukari na goita. Usianze na habari zako. Piga simu, uliza kwa ujumla: mtu aliyezaliwa wa kike lakini ni mwanaume, akija mnamhudumia? Mimi wengine walinikatia simu. Huyu wangu akasema njoo tuongee. Nitakupa namba yake. Ila ukifika usimfiche kitu, mzee. Atatibu mwili huu ulionao."

Kusema "mzee" kwa sauti nene vile! Nilitamani kumnyima mashudu.

Daktari mwenyewe ni mama wa makamo. Alifunga mlango, akanisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza magonjwa ya ukoo wetu, akaniuliza kama nilikuwa na mpango wa kuzaa. Akasema sauti ikishazama hairudi, na kwamba kuzidisha dozi hakuharakishi ndevu, kunaharibu damu. Akanitoa damu, akanipima presha. Presha ikawa juu.

"Hatuanzi leo," akasema. "Tuishushe hii kwanza, na tuone majibu ya damu."

"Yule wa Kondoa naye alingojeshwa?"

"Simwongelei mgonjwa mmoja kwa mwingine. Na wewe sitakuongelea kwake."

Nilitaka sana kusikia kwamba alingojeshwa muda mrefu kuliko mimi. Mpaka leo sijaambiwa. Nikameza vidonge vya presha, nikaacha chumvi ya mezani, nikasusa nyama choma ya Jumapili huku wenzangu wananicheka. Nikarudi nikapimwa tena. Safari hii aliangalia majibu, akanyanyuka kuvuta dawa kwenye bomba la sindano.

"Daktari, kuna watu wanaota ndevu haraka kuliko wenzao?"

"Wapo. Na wapo wanaochelewa."

"Mimi je?"

"Sijui, na wewe hujui. Legeza paja."

Nikalegeza.